Trei Tatu Nyeusi za Kicheni Pati

Juzi niliandika mistari miwili tu kuhusu trei za kuokea nikidhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Nimechagua maswali machache. Mengi ya yaliyobaki ni lile la kwanza likiwa limebadilishwa salamu.

Shikamoo Shangazi. Naomba unitajie trei nzuri ya kuokea, itakayodumu. (Msomaji wa Tabata)

Marahaba mwanangu. Una oveni gani? Watu saba wameniuliza hivi hivi na hakuna hata mmoja aliyetaja oveni yake. Chukua tepu ya fundi cherehani upime ndani, usipime mlango. Jiko lenye upana wa sentimita 50 kwa nje lina oveni finyu, na ile trei kubwa ya sentimita 46 kwa 33 mnayoiona kwenye video za Wamarekani haitaingia. Ikiingia kwa kubanwa ndiyo balaa zaidi. Oveni nyingi za gesi tulizo nazo zinawaka chini, joto linapanda kwa pembeni. Ukiziba pembeni kwa trei, moto wote unabaki chini, na keki inaungua tumbo huku uso ukiwa mbichi. Acha vidole vitatu kila upande.

Ukishapima, nunua alumini tupu, nyeupe, isiyopakwa kitu, nene kama milimita 1, yenye ukingo uliokunjwa kuzunguka waya. Alumini hupitisha joto karibu mara nne ya chuma cha kawaida na zaidi ya mara kumi ya stenlesi, kwa hiyo moto unatambaa trei nzima badala ya kukaa kona moja. Tena haishiki kutu, jambo ambalo mtu wa Tanga au Mombasa, mwenye upepo wa chumvi dirishani, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Nenda dukani na sumaku ya friji. Ikinata tumboni mwa trei, hicho ni chuma, hata muuzaji aape. Ikikataa tumboni ikanata ukingoni, umepata ile yenye waya wa chuma ndani ya mkunjo, ilipe na uondoke. Kisha shika kona mbili za mshazari uipinde kama unayekamua nguo. Ikikubali, irudishe rafuni. Kasoro ya mkunjo ni moja: unameza maji. Ukishaosha, isimamishe wima, au irudishe kwenye oveni yenye vuguvugu dakika tano.

Na sasa lile ambalo hukuuliza. Kamati za kicheni pati, nawaomba mwache ile seti ya trei tatu nyeusi zilizofungwa utepe. Mimi nilipewa seti mbili. Ni bati jembamba lililopakwa rangi ya kuteleza, zinang'aa siku ya shughuli, na bibi harusi hajamaliza mwaka zimekwisha chubuka zote tatu. Fedha ya seti nzima ingenunua trei moja nene ambayo bintiye angekuja kuirithi.

Trei yangu ikiwa ovenini inapiga kishindo "paa!" halafu inapinda. Mume wangu anasema humo ndani kuna kitu. (Morogoro)

Mwambie hakuna jini. Trei ya chuma ya sentimita 40, ikitoka kwenye joto la chumba hadi nyuzi 230, hurefuka karibu milimita 1. Ya alumini hurefuka karibu milimita 2. Ikirefuka yote kwa pamoja hakuna neno. Shida inaanza ukimwaga chipsi za friza upande mmoja. Chini ya chipsi bati bado lina baridi, pembeni limeshapata moto, huku kunasukuma na kule kunavuta, mwisho trei nyembamba inashindwa na kujipindua kwa kishindo. Ikipoa hurudi, ila baada ya miezi utaona mafuta yote yanakimbilia kona moja.

Tandaza chakula trei nzima. Na acheni kuingiza trei ya moto chini ya bomba; ile "chiii" yenu naisikia mpaka huku. Iliyokwisha pinda usiigonge nyundo. Niliwahi kujaribu, nikapata matuta ya barabarani.

Nimekosa karatasi ya kuokea, naweza kutandika gazeti chini ya keki?

Hapana. Wino wa gazeti haukutengenezwa kuliwa, na hili nalijibu kwa mara ya nne. Najua bibi yako alitandika gazeti, wangu pia. Paka mafuta, nyunyiza unga, kung'uta.

Shangazi, trei yangu ya nonstiki imebanduka mpako, vipande vimeingia kwenye viazi na watoto wamekula. Nifanye nini? Pia tunafuga kasuku, nimesikia jambo. (Mikocheni)

Watoto watakuwa salama. Vipande vile haviyeyuki tumboni, vinapita na kutoka vilivyoingia. Kinachonisumbua mimi ni trei kuendelea kutumika: pale palipobanduka chuma kiko wazi, kutu inaingia, na chakula kinanata kuliko kwenye trei ambayo haikupakwa kitu tangu mwanzo.

Kuhusu kasuku umesikia sawa. Ule mpako wa kawaida wa nonstiki ukipita nyuzi 260 hivi huanza kuharibika na kutoa hewa inayoweza kuua ndege ndani ya muda mfupi, na binadamu inampa homa na kifua. Oveni ikiwa nyuzi 180 hufiki huko. Unafika ukiweka trei tupu chini ya grili inayowaka nyekundu ukaenda kupokea simu. Hamisha tundu litoke jikoni, kisha itoe trei hiyo. Ya kwangu ya mwisho naiweka chini ya chungu cha maua, inakinga maji vizuri sana.

Biskuti zangu chini zinakuwa nyeusi, juu nyeupe, na recipe nimeifuata neno kwa neno.

Trei yako ni nyeusi, sivyo? Nilijua. Rangi nyeusi hunywa joto la oveni, nyeupe hulirudisha. Aliyeandika hiyo recipe alitumia nyeupe. Punguza nyuzi 15, pandisha trei daraja moja juu, na anza kuchungulia dakika tano kabla ya muda. Au weka trei moja ndani ya nyingine, ile hewa katikati itakukinga. Hizo mbili nyingine za seti angalau zitapata kazi.

Kuna fundi wa mtaa wa Gerezani ananitengenezea trei kwa vipimo vyangu, bei nusu ya duka. Ni salama? (Ilala)

Inategemea anakata nini. Hapa sina haraka, maana watu wanapenda kuwasema mafundi wakati kosa ni la mteja asiyeuliza.

Akikata bati la kuezekea, kataa. Lile limevikwa zinki. Zinki haipendi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, inayeyuka kwenye nyuzi 419, na mkaa uliokolea unafika huko bila shida ukiugusanisha na bati. Ukiweka humo kitu chenye ndimu au nyanya, zinki inaingia kwenye chakula. Bati la rangi ni baya zaidi, kwa sababu hapo unapika na rangi ya nyumba. Angalia na kona: zikiwa zimezibwa kwa lehemu, huenda ina risasi ndani, ile metali yenye sumu, na risasi haina kiasi cha kusema hiki kidogo hakidhuru, hasa kwa mtoto.

Vyombo vya kumimina, vinavyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, navyo nina wasiwasi navyo. Watafiti waliopima masufuria ya aina hiyo kutoka Kameruni waliandika mwaka 2014 kwamba yanatoa risasi kwenye chakula. Chakavu ni chakavu: humo kuna injini, kuna betri, kuna usichokijua.

Lakini fundi huyo huyo ukimpelekea shiti mpya ya alumini ya milimita 1, akakunja kona bila kulehemu na kuzungusha waya ukingoni, atakupa trei nzuri kuliko nyingi za Kariakoo, tena imekaa sawasawa na oveni yako. Simama hapo hapo akikata. Usimwachie oda ukaenda kunywa chai.

Mimi sina oveni, natumia mkaa. Trei inanihusu?

Haikuhusu, wewe una sinia. Watu wa pwani wameoka mkate wa sinia kwa moto wa juu na chini miaka yote hiyo bila kumwuliza mtu. Sinia nene, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Lile jembamba la kupangia vikombe liache kwenye vikombe.

Nilioka samaki wa ukwaju kwenye trei ya alumini uliyoisifia. Mchuzi ulikuwa na ladha ya chuma na trei imebaki na mabaka. (Nakuru)

Ukwaju, ndimu, siki na nyanya hula alumini. Mlo mmoja haudhuru, ila ladha imeshaharibika. Tandika karatasi ya kuokea, au mlaze samaki kwenye bakuli la kioo. Usikimbilie foili, nayo ni alumini, tena nyembamba zaidi. Ukiiacha na ukwaju usiku mmoja, asubuhi utaikuta ina vitundu.

Asalaam aleikum Bi Shangazi. Nimetia trei zangu mpya kwenye mashine ya kuosha vyombo zikatoka za kijivu, zinapaka vidole. (Muscat)

Waaleikum salaam. Sabuni ya mashine ni kali kama magadi, imekula ngozi ya juu ya alumini. Hazijafa. Zichemshe kwenye maji yenye ndimu nyingi, na ndimu kwenu hazijawahi kuwa tatizo, kisha usugue kidogo. Kuanzia hapo ni mkono, sabuni ya maji na sifongo. Stiliwaya itaziacha na mikwaruzo, lakini zitaoka vile vile. Trei iliyotumika miaka kumi haina budi kuwa na madoa ya kahawia; anayesugua mpaka ajione usoni anatafuta kioo.

Ninunue ngapi?

Mbili, za kipimo kimoja, zikae moja ndani ya nyingine. Na chora jina lako kwa msumari upande wa chini. Sinia langu lilikwenda kwenye arobaini Magomeni, huu mwaka wa tatu. Juzi nimeliona kwa mtu, limepangwa sambusa. Nikala mbili, nikanyamaza.