Kufunga raba za matope kwenye gari jepesi la magurudumu wazi

Magari mepesi ya kujiundia, haya yanayofuata umbo la Lotus Seven aliyoitoa Colin Chapman mwaka 1957, yana shida moja ambayo magari mengine hayana. Tairi la mbele liko nje ya bodi, na nyuma yake, kwa mstari mmoja, kuna kiwiko cha dereva na uso wa madigadi ya nyuma. Madigadi ya mbele, yale membamba yanayogeuka pamoja na gurudumu, huishia juu mno. Chochote tairi linachookota hurushwa nyuma. Kipande kimoja cha barabara iliyomwagwa kokoto mpya kinatosha kuchubua rangi ya madigadi ya nyuma mpaka fibaglasi ionekane, na mvua ikinyesha unakunywa maji ya barabarani hata ukiwa na kioo cha mbele.

Mimi ni mtetezi wa raba za matope, yaani vile vipande vinavyoning'inia nyuma ya tairi kuzuia mawe na maji, kwenye magari haya, ingawa wapo wanaosema zinaharibu sura. Ninachowaomba wanaozifunga ni kwamba wasikate raba kwa kukadiria na macho. Jiwe lina njia yake, na njia hiyo inapimika kwa uzi.

Jiwe linaponasuka kwenye tairi huruka kwa mstari ulionyooka, kuanzia pale lilipoachia. Kwa macho ya mtu aliyeketi ndani ya gari, linakuja na mwendo ule ule wa gari: ukienda kilomita 80 kwa saa, nalo linarudi nyuma kwa 80. Kutoka tairi la mbele hadi madigadi ya nyuma ni mita moja na kitu, kwa hiyo halipati hata nafasi ya kuanguka. Egesha gari mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wake wa kawaida na mtu akiwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Bandika ncha ya uzi kwa tepu pale unapotaka kupalinda, vuta ncha nyingine hadi nyuma ya tairi la mbele, kisha iteremshe mpaka uzi uguse tairi karibu na ardhi. Raba ni lazima iukate uzi huo. Isipoukata, jiwe linapita.

Ukifanya hivyo utagundua jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Tuseme tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 28, raba inaning'inia sentimita 33 nyuma ya kitovu cha gurudumu, na madigadi ya nyuma yako mita 1.4 kutoka kitovu hicho. Raba inayoishia sentimita 12 kutoka ardhini italinda kuanzia kimo cha sentimita 60 hivi kwenda juu, yaani kiwiko na uso wako. Ishushe hadi 9, ulinzi unateremka hadi kama sentimita 43. Ukitaka kulinda mpaka kimo cha 30, raba ifike sentimita 7 kutoka ardhini, na hapo kila tuta litaigusa. Kwa hiyo msitarajie raba peke yake iokoe rangi ya madigadi ya nyuma. Sehemu ya chini ya uso wake ivalishwe bamba jembamba la alumini au plastiki nene ya kubandika, na raba ishughulikie yale yanayoruka juu. Mimi husimama kati ya 9 na 10 kwa mbele, na siku zote nakata kwanza kipande cha kadibodi, nakibandika kwa tepu na kukitazama kutoka pande zote kabla sijaigusa raba.

Sentimita 9 zinawezekana mbele kwa sababu madigadi yale yamefungwa kwenye kile chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Springi zikibonyea, gurudumu na raba vinabaki pamoja, na umbali wa raba na ardhi haubadiliki. Nyuma mambo ni tofauti. Madigadi ya nyuma kwenye mengi ya magari haya yamefungwa kwenye bodi, na gari likiinama kwa mzigo, raba inainama nalo. Huko acha nafasi kubwa zaidi, na usihangaike na hesabu ya uzi, maana raba ya nyuma inawasaidia wanaokufuata kuliko inavyokusaidia wewe.

Kuhusu upana, raba izidi tairi kidogo kila upande, sentimita mbili zinatosha. Kisha zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ukiwa umepiga magoti pembeni. Kona ya ndani ya raba huja karibu na bodi kuliko unavyodhani, na kama ekzosi inatoka ubavuni, upande huo raba inaweza kuikaribia mpaka ikaungua. Kata kona hiyo kwa mviringo.

Uzito sasa, na hapa nina msimamo mkali. Wengi hukimbilia mpira mnene wa mikanda ya mashine za kubebea mizigo kwa kuwa haufi. Kipande cha sentimita 20 kwa 20 chenye unene wa milimita 5 kina uzito wa robo kilo hivi. Kwa gari zima si kitu, lakini robo kilo hiyo imening'inia kwenye ncha ya madigadi, na madigadi yenyewe yameshikwa na vyuma vyembamba vinavyotikisika kila gurudumu linapogonga shimo, bila springi ya kupunguza kishindo. Vyuma hivyo huchoka na kupasuka penye weldingi. Plastiki laini ya milimita 2, aina ya polipropilini, kwa ukubwa huo huo ina gramu 70 na ushei. Haikunjwi ovyo na upepo na inakatika kwa kisu. Ukipenda mpira kwa sababu haupigi kelele kokoto zikigonga, basi usizidi milimita 3.

Sasa hatari ambayo inastahili kufikiriwa kuliko zote: kurudi nyuma. Gari likienda rivasi, sehemu ya nyuma ya tairi inashuka kuelekea ardhini. Raba ikisukumwa na tuta au ukingo wa barabara ikaligusa tairi, inavutwa chini na kukanyagwa, na uzito wote wa kona ile ya gari unaivuta. Hapo kitu kimoja lazima kikubali kushindwa. Ukiwa umefunga bolti za chuma, kinachoshindwa ni madigadi, au chuma chake. Funga bolti za plastiki ngumu za milimita 6 na nati zake za plastiki, mbili mbili zibanane zisilegee. Raba ikikanyagwa, bolti zinakatika, unaokota raba yako na kuendelea na safari. Weka bolti za akiba garini. Faida nyingine ni kwamba plastiki haina ugomvi na alumini, wakati bolti ya chuma cha pua ikikutana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa polepole.

Acha pia nafasi ya sentimita 4 au 5 kati ya raba na tairi.

Kutoboa fibaglasi kunahitaji subira. Bandika tepu, weka alama, anza na tundu la milimita 2 huku drili ikizunguka kinyumenyume mpaka ipite ngozi ya juu inayong'aa, ndipo uigeuze. Nyuma yake shikilia kipande cha mbao, la sivyo upande wa pili unachanika. Tundu lisikaribie ukingo chini ya milimita 15. Kwa ndani weka ukanda wa alumini unaopita bolti zote, na mwingine kama huo nyuma ya raba, ili mzigo usambae badala ya kukaa kwenye tundu moja. Kaza mpaka raba itulie, na usiendelee hadi ianze kuvimba pembeni ya ukanda.

Baada ya safari ya kwanza, gari likiwa bado na vumbi, angalia mambo mawili. Alama ya kusuguliwa kwenye bodi au ukutani mwa tairi inaonyesha pa kupunguza. Halafu pitisha kidole kwenye weldingi ya vyuma vinavyoshika madigadi, pande zote mbili, ukitafuta ufa mwembamba kwenye rangi. Rudia ukaguzi huo wa weldingi kila unapoosha gari.