Umri wa kadi yako ya Chicago
Ndugu, umeuliza kadi yako ya stereo (yenye picha mbili pacha za kutazamwa pamoja) ya Crosby's Opera House, jumba la opera la Chicago, ni ya mwaka gani. Igeuze kwanza. Ukikuta stempu ya kodi nyuma, umebahatika: Marekani ilitoza kodi hiyo kwenye picha kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866, na jumba lenyewe lilifunguliwa 1865. Stempu ilifutwa kwa wino, mara nyingine kwa herufi na tarehe. Zisome kwa kioo cha kukuzia, wala usiibandue! Isipokuwepo, tazama pembe: zilizochongoka mara nyingi ni za kabla ya 1868 hivi. Jumba liliteketea Oktoba 1871, hivyo picha ya jumba likiwa zima ilipigwa kabla ya hapo. Kadi itunze mbali na jua. Karatasi yake ina ute wa yai, hupauka upesi.