Hizo kapsuli za dogo ziweke pembeni kwanza, raketi baadaye

Mkuu acha kwanza habari ya raketi. Umeandika mengi: dogo ana miaka 14, anacheza badminton, anamwangalia Lee Chong Wei, yule bingwa wa Malaysia, kwenye simu mpaka usiku wa manane, unataka kujua raketi gani, kamba ikazwe vipi, mazoezi ya miguu yaweje, halafu mwishoni kabisa umechomekea eti jamaa wa jimu kakupa kapsuli za uyoga wa Kichina "za pumzi" aanze kumeza kabla ya mashindano. Hapo chai yangu imepoa.

Huyo huyo Lee ndo yalimkuta. Agosti 2014, ubingwa wa dunia Copenhagen, yeye ndo namba moja duniani, akapimwa akakutwa na deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kuzima uvimbe, iliyokatazwa michezoni. Kafungiwa miezi 8, medali ya fedha ikachukuliwa. Na jopo lililosikiliza kesi lilikubali kabisa hakukusudia kudanganya, alikuwa anatumia kodisepsi, uyoga huo huo, na dawa ilitoka kwenye ganda la kapsuli. Sio unga wa ndani, GANDA. Mtu Malaysia nzima inambeba kama yai, bado kanaswa na ganda. Wewe una nani? Jamaa wa jimu.

Mimi pia nilikuwa na wangu. Goti la kulia lilikuwa linanisumbua, mashindano ya klabu yanakaribia, akaniletea kopo la maziwa ya unga, ndani kapsuli, lebo hakuna, kaandika kwa maka peni "asb 2 jion 2". "Kaka hii mizizi tupu, haina kemikali." Siku ya tatu goti kimya. Nikajua nimepona, kumbe limezibwa mdomo. Wiki sita naruka smashi kama kichaa, mashavu yanajaa, wife anafurahi anasema nimenawiri, kazini wananiita kibopa, na mimi nacheka nao.

Nusu fainali naongoza 17-12, kinyoya (kile tunachopiga kwa raketi) kikaenda nyuma kona ya bakihendi, nikakifuata, mwili ukageuka mguu ukabaki. Kwaa! Kama mti wa muhogo umevunjwa, hadi waliokuwa uwanja wa pili wakasimama. Daktari anasema gegedo limechanika, na lilikuwa linachanika kidogo kidogo siku zote hizo mimi naendelea kuruka kwa sababu maumivu yamezimwa. Sukari nayo juu. Nikampa kopo, akaligeuza geuza, akaniambia hayo mashavu na hiyo sukari ni dalili za steroidi, na hata kuacha nisiache kwa mkupuo, mwili umeshazoea, akanishusha taratibu. Operesheni ilikula pikipiki yangu na michango ya ukoo.

Nilipomfuata yule jamaa unajua kasema nini? "Hukupasha misuli vizuri." Wallahi. Na mpaka leo anauza, tisheti imeandikwa KOCHA mgongoni, hajawahi kukochi hata kuku.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema mbona Lee alirudi. Alirudi ndio, Mei 2015, na Rio 2016 akamtoa Lin Dan, yule mpinzani wake mkubwa Mchina, nusu fainali 22-20 seti ya tatu, akabeba fedha yake ya tatu ya Olimpiki. Ila yule ni Lee, kakaa namba moja wiki 349. Mimi nimerudi kuokota vinyoya vya watoto wa wenzangu, na kwenye ngazi nashuka kiubavu kama kaa.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja, kitu cha kumeza kisicho na lebo wala usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, hakiingii mdomoni mwa mchezaji, hata akilete mjomba wake. Pumzi atapata kwa kuruka kamba.

Na kama ameshaanza kumeza usimkatishe kienyeji, mpeleke hospitali leo leo na kopo lenyewe mkononi. Ameshameza ngapi? Hilo hujaandika mkuu.