Kano ya Goti Ikikatika, Tafuta Daftari

Niliusikia mlio kabla ya kusikia maumivu. Tap! Kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Ilikuwa Jumapili jioni mwezi wa Agosti, tunacheza kandanda ya akina dada Nyalenda, Kisumu, na wala hakuna aliyenigusa. Nilimkwepa beki nikageuka ghafla. Mwili ukaenda, mguu ukabaki. Tuktuk iliponifikisha nyumbani goti lilikuwa limefura kama papai.

Ukipatwa na hayo matatu pamoja, yaani mlio, goti kupinduka bila kugongwa na uvimbe ndani ya saa chache, shuku ile kano ya katikati ya goti wanayoiita ACL, hata ukiambiwa vingine. Mimi niliambiwa vingine. Kliniki ya kwanza walinipiga eksirei, wakaona mifupa iko sawa, wakanipa dawa za maumivu: nimeteguka tu. Eksirei haionyeshi kano. Shangazi naye akanipeleka kwa mkandaji mmoja hodari kweli, lakini kamba iliyokatika haiungwi kwa kukandwa. Karibu miezi mitatu ikapotea hivyo, goti likinichomoka kila niliposhuka ngazi za shule ninakofundisha. Mwishowe daktari wa mifupa alinilaza, akauvuta mguu kwa mikono yake, akanyamaza kidogo, kisha akaagiza picha ya MRI. Kano ilikuwa imekatika yote.

Si kila mtu hupasuliwa. Wapo wanaoimarisha misuli kwa mazoezi na kuishi vizuri, hasa wasiocheza michezo ya kugeukageuka. Mimi nilitaka kucheza, na goti lilikuwa linanitoka hata nikitembea, kwa hiyo mwezi wa Novemba nikapasuliwa. Walichukua kano za nyuma ya paja langu wakatengeneza mpya. Pesa zilichangwa na chama chetu, walimu wenzangu na ndugu. Hayo tuyaache.

Sasa moyo. Wageni walijaa kitandani na maneno mawili: "Utapona tu." Nawashukuru, ila maneno hayo yalinichosha. Mtu anaondoka, wewe unabaki na mguu usiokunjika. Krismasi ile nilikwenda nyumbani Vihiga na gongo moja, nikafika mlango wa choo cha shimo, nikagundua siwezi kuchuchumaa. Mwanamke mzima, mwalimu, nililia nje ya choo huku kuku wakinitazama. Mama akaja na kiti cha plastiki alichokikata tundu katikati. Hakusema neno.

Niliporudi Kisumu fizio wangu, yaani mtaalamu aliyenisimamia mazoezi ya goti, aliniuliza, "Mwalimu, wanafunzi wako unawasahihishia daftari kila siku, lako liko wapi?" Nikanunua daftari la kurasa 48. Sharti lilikuwa moja: nisiandike siku zilizobaki kabla ya kurudi uwanjani, niandike tu kile nilichoweza wiki hii ambacho wiki iliyopita sikuweza. Nimevaa soksi mwenyewe. Nimepanda tuktuk bila kuinuliwa. Goti limenyooka kabisa. Na hili usilidharau, kwa maana mguu usiponyooka mapema utachechemea muda mrefu. Nilikuwa naweka kisigino juu ya taulo lililokunjwa, nakaza msuli wa paja nikilisukuma goti chini, huku nasahihisha hesabu za darasa la sita. Kila Jumapili nilipima mapaja kwa futi ya fundi cherehani. Mwanzo, paja la upande mbovu lilikuwa jembamba kwa sentimita 4. Siku nilipoandika 3 nilijipikia samaki.

(Wapo walionishauri nikafanye mazoezi majini, Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ziwa lina kichocho na viboko. Goti moja bovu lilinitosha.)

Wiki mbaya zilikuwepo pia, kurasa tupu. Sikuzichana.

Mtego mkubwa ulikuja mwezi wa tano baada ya kupasuliwa. Maumivu yameisha, uvimbe hakuna, nakimbia taratibu, na timu yangu ina mechi. Nilijiona mzima. Kumbe kano iliyopandikizwa huchukua miezi mingi kukomaa, na maumivu huisha mapema kuliko udhaifu wake. Utafiti umeonyesha kwamba wanaorudi michezoni kabla ya miezi 9 huumia tena mara nyingi zaidi. Nilipobisha, fizio alinikumbusha Virgil van Dijk wa Liverpool: aliumia Oktoba 2020, hakucheza ligi tena mpaka Agosti 2021, na alikuwa na madaktari wake, bwawa na mpishi. "Wewe una nini, Mwalimu?" Nilikuwa na daftari na mpira wa plastiki.

Kilichobaki ni hofu, na hofu haitoki kwa kuambiwa "usiogope". Tulirudia kugeuka kule kule kulikoniangusha, kwanza nikitembea, baadaye nikikimbia, wiki baada ya wiki, mpaka mwili ukachoka kuogopa. Kisha kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja: mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Mara ya kwanza nilipata 81 nikakasirika siku mbili. Mwezi wa kumi na moja tangu nipasuliwe nilicheza dakika ishirini, nikapoteza mpira mara tatu, na kocha akanitoa. Niliandika: dakika 20.

Desemba nikaenda tena Vihiga. Kile kiti cha plastiki kilikuwa bado kimeegemezwa ukutani mwa choo, utando wa buibui umekifunika. Nikakipita, nikaingia, nikachuchumaa. Nilikaa mle muda mrefu kuliko haja yenyewe, nikicheka peke yangu, mpaka mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Wewe! Kuna nini humo?"