Amani haimo kwenye bahasha

Mmeuliza: amani na Mungu mtu huipata kwa kushika sheria za dini au kwa kumwamini Kristo? Huku kwetu Dodoma Mkristo yeyote atakujibu haraka, "kwa imani." Mfuatilie basi anavyoishi.

Mimi ni mzee wa kanisa upande wa Chamwino, na ndiye ninayeandika sadaka za bahasha. Mwaka ambao uwele ulikaukia shambani, bibi mmoja jirani yetu aliacha kuja ibadani. Nilipomtembelea alinitolea bahasha zake, namba yake juu kwa kalamu nyekundu, tupu zote, kazifunga kwa uzi wa katani. "Nije kanisani na deni hili, mzee?" Nikamsomea Warumi 5:1: "Basi tukiisha kuhesabiwa haki itokayo katika imani, na mwe na amani kwa Mungu, kwa njia ya Bwana wetu Yesu Kristo." Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Mchango haumo katika mstari ule. (Siupingi mchango, bati la kanisa halinunuliwi kwa zaburi.)

Paulo aliyeyaandika hayo hakuwa mvivu wa dini. Alikuwa Farisayo, wa kundi la Wayahudi walioshika sana sheria, na katika Wafilipi 3 anasema kwa haki ya sheria hakuwa na hatia, kisha anayahesabu yote hayo kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Martin Luther naye, yule mwanzilishi wa matengenezo ya kanisa, akiwa mtawa kule Erfurt, Ujerumani, alifunga na kuungama mpaka akachosha watu, na hofu haikumtoka. Utulivu aliupata baadaye, katika waraka huohuo wa Warumi. Sheria inakuonyesha dhambi yako, na hiyo ni kazi njema, ila kukusafisha haiwezi.

Najua wapo watakaosema watu watalegea. Waende Hombolo wakaulize wakulima wa zabibu: tawi lililokatwa wakati wa kupogoa, ulitishe usitishe, halizai. Lililo kwenye shina linazaa. Yesu alilisema hilo katika Yohana 15, na bibi yule siku hizi ndiye wa kwanza kufika kufagia kanisa, wala hakuna aliyempangia zamu.

Kwa hiyo makanisa yenye desturi ya kusoma majina ya wadaiwa kabla ya Meza ya Bwana yaiache. Mhazina ana namba za simu za watu wote. Awapigie siku ya Jumatatu.