Mapigo 78? Usimlaze mgonjwa mezani bado

Mkuu, umeuliza kiasi cha kontrasti (dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha) kwa CT ya mishipa ya moyo, lakini subiri kwanza. Mapigo 78 kwa dakika, mashine ya chanzo kimoja cha mionzi inayozunguka mara moja kwa sekunde 0.35, halafu metoprolol, dawa ya kupunguza mapigo, unairuka kwa sababu "programu itasafisha ukungu baadaye"? Nani kakwambia?

Sisi aliyetuambia hivyo ni mkufunzi aliyekuja kufunga mashine. Alisema dawa za kupunguza mapigo ni mambo ya kizamani, tukamwamini. Mgonjwa akachomwa kontrasti, akapigwa mionzi, na mshipa wa kulia wa moyo ukatoka umelaliana mara mbili, hasa sehemu ya katikati, ambako unatembea kuliko mishipa mingine. Daktari akashindwa kujua kama umeziba au ulitikisika tu. Ikabidi arudiwe: kontrasti upya, mionzi upya. Mkufunzi hakubeba hata chembe ya gharama hiyo, aliibeba mgonjwa. Mpaka leo inanikera.

Piga hesabu mwenyewe. Mashine yako inahitaji nusu mzunguko kutengeneza picha moja, yaani milisekunde 175 hivi. Mapigo yakiwa 60, pigo moja ni sekunde nzima, na karibu na asilimia 75 ya safari kutoka wimbi R moja (kilele cha kila pigo kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo) hadi jingine moyo unatulia vya kutosha. Yakiwa 78, pigo zima ni kama milisekunde 770, na muda unaoliwa zaidi ni huohuo wa utulivu. Programu hurekebisha mtikisiko mdogo. Mkubwa haiuwezi.

Shusha mapigo kwanza, yafike 60 au chini. Metoprolol ya kumeza, miligramu 50 hadi 100 kama daktari atakavyoandika, saa moja kabla. Saa moja, si dakika kumi akiwa mlangoni! Daktari aulizie pumu, presha ya kushuka na hitilafu za umeme wa moyo. Dawa hiyo ikimkataa, kuna ivabradine, dawa nyingine ya kupunguza mapigo. Naitrogliserini, dawa ya kupanua mishipa, iache mpaka dakika chache kabla ya skani, maana yenyewe inaweza kupandisha mapigo.

Halafu mfanyishe mazoezi ya kubana pumzi huku macho yako yako kwenye ECG. Wengi hukaza kifua kwa nguvu na mapigo yanavurugika palepale.

Kiasi cha kontrasti ulichouliza watakujibu wengine. Mimi nitajie mapigo yanasoma ngapi akiwa amebana pumzi, kabla hujabonyeza chochote.