Ukienda Eyam, Kanisa Liache Mwisho

Safari yangu ya kwanza Eyam, kijiji cha Uingereza, niliiharibu mwenyewe. Nilishuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja kanisani, nikasoma majina ya waliokufa kwa tauni, nikarudi Sheffield na huzuni nyingi na uelewa mdogo. (Jina la Eyam hutamkwa "Im", dereva alinikazia macho nilipolitamka lilivyoandikwa.)

Mara ya pili nilianza na ardhi, na ndivyo ninavyokushauri. Kijiji hiki cha Derbyshire kimejinyoosha chini ya kilima, pale ambapo mawe ya mchanga na ya mfinyanzi ya upande wa kaskazini yanakutana na mawe ya chokaa ya kusini. Chokaa hunywa maji upesi, lakini mpakani hapo chemchemi hutoka, na tangu mwaka 1588 wanakijiji waliyaelekeza maji yake kwenye mabirika ya mawe, ambayo baadhi yangalipo. Chokaa hiyo hiyo ilibeba madini ya risasi, riziki ya wengi kwa karne kadhaa.

Kwa hiyo panda kwanza hadi kwenye chemchemi iliyo juu ya kijiji, iitwayo Kisima cha Mompesson. Septemba 1665 George Viccars, msaidizi wa mshona nguo, alifariki kwa tauni baada ya kufungua kitambaa kilicholetwa kutoka London, ambacho inaaminika kilikuwa na viroboto wenye ugonjwa huo. Juni 1666 kasisi William Mompesson, akishirikiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi watu wasitoke kijijini ili tauni isienee, na chakula kikawa kinaachwa mipakani: kisimani hapo, na huku chini kwenye Jiwe la Mpaka, njia ya kwenda Stoney Middleton. Jiwe hilo lina matundu yaliyotiwa siki ili kusafisha sarafu za malipo. Tia kidole katika tundu mojawapo. Mimi sikuharakisha kukitoa.

Kisha nenda kwenye makaburi ya Riley, ambako Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wake sita ndani ya siku nane za Agosti 1666. Waliokufa kijijini kwa jumla hukadiriwa kuwa 260.

Kanisani utafika umechoka, na ni vizuri hivyo. Uani, karibu na msalaba wa Wasaksoni, yupo Catherine, mke wa Mompesson, aliyefariki mwezi huo huo wa Agosti. Vaa buti, kwa kuwa vijia vya malishoni huwa na tope.